Kuhamia simyuleta mpya ya ndege: nyongeza zipi utahama nazo, zipi utaziacha

Fungua simyuleta yoyote ya ndege, nenda sehemu ya kuchagua kiwanja, andika herufi nne: HTTG. Utajikuta Tanga. H inasimamia ukanda wa mashariki na kaskazini-mashariki mwa Afrika, T inayofuata ni Tanzania, na mbili za mwisho zinakitambulisha kiwanja chenyewe. Ukiandika HTPE uko Pemba, HTZA uko Unguja, na HKMO umeshavuka mpaka uko Mombasa.

Herufi hizo hazibadiliki ukitoka simyuleta moja kwenda nyingine. Kinachobadilika ni kile utakachokikuta pale. Pengine jengo la abiria lipo, pengine kuna njia ya kurukia tupu katikati ya majani. Pengine minazi imesimama mahali pake, pengine pwani nzima imeota misonobari. Ndiyo maana watu hukusanya nyongeza: viwanja vilivyochorwa kwa mkono, ndege, rangi za mashirika ya ndege, geji, hali ya hewa. Sasa umepata laptopu yenye nguvu zaidi, au limetoka toleo jipya, na swali la kwanza linakuja lenyewe: vitu vyangu nitahama navyo?

Jibu fupi ni hili: nyongeza huhama kwa kiasi ilivyo data, na hukwama kwa kiasi ilivyo programu. Makala hii yote ni ufafanuzi wa sentensi hiyo. Ukiielewa, utajua utakachokipoteza kabla hujalipia au kupakua chochote.

Tuanze na baiskeli

Tanga ni mji wa baiskeli, basi tuanzie hapo. Una baiskeli ya zamani isiyo na gia, umepata nyingine ya gia. Kengele utaifungua na kuifunga kwenye mpya bila shida. Inachohitaji ni usukani tu. Kiti nacho huenda kikaingia, ila lazima upime kwanza unene wa bomba lake. Lakini mnyororo? Mnyororo wa baiskeli ya gia ni mwembamba, kwa sababu meno yake ya nyuma yamepangwa kwa kubanana. Ule wa zamani hautakaa hata ukiupaka grisi kopo zima. Si kwamba ni mbovu, ila umetengenezwa kwa makubaliano mengine.

Nyongeza za simyuleta nazo ziko za aina tatu hivyo hivyo.

Ya kwanza ni data: urefu wa milima, mstari wa pwani, barabara, mahali njia ya kurukia inapoanzia na inapoishia. Hii ndiyo kengele. Ya pili ni maumbo: majengo, miti, mwili wa ndege pamoja na picha zinazobandikwa juu yake. Hiki ndicho kiti. Kitahama, ila kwa kupimwa na kurekebishwa. Ya tatu ni programu: msimbo unaoendesha geji, kompyuta ya safari, redio, milango ya ndege. Huo ndio mnyororo.

Nyongeza nyingi ni mchanganyiko wa zote tatu. Ndege moja ina umbo, ina namba, ina msimbo. Kwa hiyo usiulize tu "inafanya kazi au haifanyi?" Uliza ni sehemu gani ya nyongeza hiyo ni mnyororo.

Kwa nini programu hukwama

Microsoft ilitoa Flight Simulator X, ambayo wengi huiita FSX, mwezi Oktoba 2006. Ilikuwa programu ya biti 32, na hapo ndipo mkasa wetu unapoanzia.

Programu ya biti 32 huandika anwani za memori kwa tarakimu 32 za sifuri na moja. Idadi ya anwani zinazoweza kuandikwa hivyo ni 4,294,967,296, na kila anwani ni nyumba ya baiti moja. Jumla yake ni GB 4. Hata laptopu yako ikiwa na GB 16, programu hiyo haiwezi kuziona zaidi ya hizo 4, kama vile mtaa wenye namba za nyumba zenye tarakimu mbili usivyoweza kuwa na nyumba ya mia. Kila nyongeza uliyoweka iligombania nafasi hiyo hiyo moja. Ukizidisha, simyuleta ilizimika na kukuambia memori imekwisha, mara nyingi mwishoni mwa safari ndefu, ukiwa ndiyo unakaribia kutua, maana ndipo mandhari mapya ya mji yanapopakiwa juu ya yale ya njiani.

Januari 2009 Microsoft ilifunga studio iliyoitengeneza. Kampuni ya Lockheed Martin ikapata leseni ya msimbo na kuuendeleza kwa jina la Prepar3D. Mei 2017 toleo la 4 la Prepar3D likahamia biti 64. Tatizo la GB 4 likaisha siku ile ile. Na siku ile ile geji na moduli zote zilizokuwa zimejengwa kwa biti 32 zikawa chuma chakavu, kwa sababu Windows hairuhusu programu ya biti 64 kupakia ndani yake faili la msimbo la biti 32. Hapo hakuna ujanja wa kubadilisha jina la faili au kulihamishia folda nyingine. Njia ilikuwa moja tu: mtengenezaji achukue msimbo chanzo, yaani maandishi aliyoandika mwenyewe, autafsiri upya kwa mashine ya biti 64. Mtengenezaji aliyekuwa ameacha shughuli hiyo, au aliyepoteza msimbo wake, nyongeza yake iliishia pale pale.

Microsoft Flight Simulator ya Agosti 2020 ilibadilisha makubaliano kwa mara nyingine. Ndani yake, msimbo wa nyongeza unatakiwa uwe umejengwa kwa WebAssembly, na skrini za chumba cha rubani huandikwa kwa HTML na JavaScript, lugha zile zile za kurasa za intaneti. Geji za zamani za faili za DLL hazipokelewi. Hilo lina faida yake: faili la DLL likishaingia linaweza kugusa karibu kila kitu kwenye kompyuta yako, ilhali WebAssembly hukaa ndani ya kibanda chake. Pia ndivyo nyongeza zilivyoweza kufanya kazi kwenye Xbox, ambako simyuleta hiyo ilifika Julai 2021.

X-Plane nayo ina kisa chake. Mwaka 2020, kwenye toleo la 11.50, ilianza kutumia Vulkan na Metal kuchora picha badala ya kutegemea OpenGL pekee. Kasi ikaongezeka, lakini nyongeza zilizokuwa zinachora zenyewe moja kwa moja ndani ya mandhari kwa njia ya zamani zikalazimika kuandikwa upya.

Si kila uhamiaji ni mkali hivyo. Flight Simulator 2024, iliyotoka Novemba 2024, imebaki na sehemu kubwa ya makubaliano ya ile ya 2020, hivyo nyongeza nyingi zinaingia, hasa viwanja. Ndege ndizo zinazohitaji marekebisho mara kwa mara. Unaona mpangilio ule ule? Kengele inahama, mnyororo unasumbua.

Usambara ndani ya jedwali la namba

Sasa tuone upande wa data. Ruka kutoka HTTG uelekee magharibi. Utapita Muheza na mashamba ya mkonge, halafu mbele yako inasimama Usambara Mashariki, na Amani iko juu kule. Simyuleta imejuaje kwamba pale kuna mlima?

Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikipima urefu wa nchi kavu kwa rada. Kazi hiyo inajulikana kwa kifupi cha SRTM. Kwa miaka mingi, data iliyokuwa wazi kwa Afrika ilikuwa na kipimo kimoja kila mita 90 hivi. Tangu mwaka 2014 ikafunguliwa ile ya kila mita 30. Piga hesabu: kwenye kilomita moja ya mraba, mita 90 zinakupa vipimo kama 120, mita 30 zinakupa zaidi ya 1,100. Kwa tambarare ya pwani tofauti ni ndogo. Kwa mabonde ya Usambara, ni tofauti kati ya kuona ukingo wa mlima na kuona kichuguu kilicholainishwa.

Data hii haijali simyuleta. Ni latitudo, longitudo na urefu, basi. Kila mfumo una namna yake ya kuipakia, lakini namba ni zile zile.

Cha kuangalia ni jinsi ilivyokatwa. X-Plane, kwa mfano, hugawa dunia katika vipande vya digrii moja kwa moja, na kila kipande hupewa jina la kona yake ya kusini-magharibi. Tanga mjini iko digrii 5 na kitu kusini, 39 na kitu mashariki, kwa hiyo kipande chake kinaitwa -06+039. Kiwanja cha Pemba kimo humo humo, ndiyo maana safari ya kilomita 80 na kidogo kutoka Tanga hadi Pemba inaisha ndani ya kipande kimoja. Muheza na Amani, kumbe, ziko kwenye -06+038. Mahali pasipo na kipande, X-Plane huweka maji. Ukihamisha kipande kimoja ukasahau cha pili, utaruka kuelekea Muheza na kukuta bahari badala ya mkonge, kisha utasema nyongeza ni mbovu. Si mbovu, haijakamilika tu.

Barabara nazo ni data. X-Plane huzichukua kutoka OpenStreetMap, ramani ya wazi inayochorwa na watu wa kujitolea. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuchora mitaa ya Dar es Salaam kwa ajili ya kukabiliana na mafuriko. Mwaka uliofuata Zanzibar ilianza kupiga picha visiwa vyake kwa ndege zisizo na rubani. Kazi za namna hii hazikufanywa kwa ajili ya simyuleta, lakini kwa kuwa data yake iko wazi, inaweza kuingia kwenye mfumo wowote, hata ambao ulikuwa haujazaliwa.

Ila data husafiri na makosa yake pia. Mwaka 2020 wachezaji wa Flight Simulator waliona mnara mwembamba wa ghorofa 212 umesimama kwenye kitongoji cha nyumba za kawaida huko Melbourne, Australia. Mtu aliyekuwa akihariri OpenStreetMap aliandika 212 badala ya 2, na kompyuta ikajenga kama ilivyoambiwa.

Jengo linaloelea

Aina ya kati, maumbo, ndiyo inayowachanganya watu zaidi, kwa sababu huonekana imekubali halafu ikafanya vituko. Umehamisha kiwanja chako, na sasa jengo linaelea nusu mita juu ya ardhi, au kuna majengo mawili yaliyoingiana.

Sababu ni mbili. Kwanza, FSX ilikifanya kila kiwanja kuwa sahani tambarare yenye urefu mmoja. Simyuleta za leo huruhusu njia ya kurukia ipande na kushuka kama ardhi yenyewe. Jengo lililowekwa kwa urefu wa sahani ya zamani sasa litaning'inia upande mmoja na kuzama upande mwingine. Pili, simyuleta mpya huenda imeshajiwekea jengo lake pale, na nyongeza yako ya zamani haina amri ya kuliondoa.

Halafu kuna suala la desimali. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Ukiandika mahali pa jengo kwa desimali nne, hatua ndogo kabisa unayoweza kuieleza ni mita 11, kwa hiyo unaweza kukosea hadi mita tano na nusu. Kwenye picha ya zamani yenye ukungu hukuiona tofauti hiyo. Kwenye picha mpya kali, ndege imeegeshwa kwenye nyasi. Andika desimali sita na usahau tatizo hili.

Dawa ya maumbo ni kuwa na faili la asili. FSX ilihifadhi maumbo kwa faili za .mdl, wakati simyuleta mpya za Microsoft hutumia glTF. Aliyebaki na mchoro wake wa Blender anautoa upya kwa muundo mpya ndani ya dakika chache. Mwenye .mdl peke yake ana sahani iliyokwisha kupikwa. Hawezi kuirudisha iwe unga.

Kwa nini Caravan moja huruka namna mbili

Cessna Caravan, ile ndege ya injini moja yenye pangaboi puani ambayo wasafiri wa Pemba na Unguja wanaifahamu, imo ndani ya FSX na imo ndani ya Flight Simulator ya 2020. Unaweza kudhani basi namba zake zinahamishika kokote. Hapana, maana namba hizo zilikuwa majibu ya swali fulani.

FSX hutegemea sana majedwali: kwa pembe hii ya bawa, nguvu ya kunyanyua ni kiasi hiki. Mtengenezaji hurekebisha jedwali mpaka ndege iruke vizuri. X-Plane haiulizi hivyo. Hulikata bawa vipande vidogo na kukokotoa nguvu ya hewa kwenye kila kipande, tena na tena kila sekunde. Yenyewe inataka umbo la bawa, jedwali haina kazi nalo. Kwa hiyo ndege "iliyogeuzwa" kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine inaweza kufanana kwa sura, na ikatua kama gunia. Kama unafanya mazoezi kwa nia ya kuja kuwa rubani, hilo si dogo, maana mkono huzoea kile unachoufundisha.

Bando nalo ni sehemu ya mfumo

Zamani simyuleta ilikuwa kwenye diski. Ile ya 2020 ilihitaji zaidi ya GB 100, na huko Ulaya iliuzwa hata kwa diski 10 za DVD. Ya 2024 ni nyepesi kusakinisha, kwa sababu hupakua mandhari kidogo kidogo unaporuka. Lakini inataka intaneti muda wote, kwa kasi isiyopungua megabiti 10 kwa sekunde.

Megabiti si megabaiti. Gawanya kwa 8: megabiti 10 ni megabaiti 1.25 kwa sekunde. Laini ikijaa hivyo saa nzima, ni GB 4.5. Kwa kawaida haijai muda wote, na mandhari uliyokwisha kupita huhifadhiwa, lakini namba hiyo inakuonyesha kikomo cha juu. Kwa mtu wa bando la simu, X-Plane 12 au FlightGear, ambazo hufanya kazi bila intaneti ukishakuwa na mandhari yako kwenye diski, zinaweza kuwa uhamiaji wa busara zaidi. FlightGear ni ya bure kabisa na msimbo wake uko wazi.

Kabla hujahama

1. Orodhesha nyongeza zako zote kwenye daftari, na mbele ya kila moja andika: data, umbo, au programu. Zenye programu ndizo za kuulizia kwanza kama zina toleo la mfumo mpya.
2. Nakili mafaili ya asili kwenye diski ya nje: michoro ya Blender, picha, XML, orodha ya desimali za majengo. Hii ni muhimu kuliko kunakili folda ya simyuleta yenyewe.
3. Sakinisha mfumo mpya ukiwa mtupu. Ruka Tanga hadi Pemba mara moja uone kama uko sawa.
4. Ongeza nyongeza moja, jaribu, ndipo uongeze nyingine. Ukimwaga zote kwa pamoja kwenye folda ya Community au Custom Scenery, ikigoma hutajua nani kagoma.
5. Usifute ya zamani. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Simyuleta mbili hukaa kwenye kompyuta moja bila ugomvi, mradi nafasi ipo.

HTTG itabaki kwa nani?

Flight Simulator ya 2020 ilikuja na viwanja kama 37,000, na vilivyochongwa kwa mkono ni 40 tu hata kwenye toleo ghali zaidi. Kutoka Afrika walikuwemo Kairo na Cape Town. Tanga haikuwemo, na hakuna kampuni kubwa yenye sababu ya kibiashara ya kuichonga. Viwanja kama hiki huwa na sura kwa sababu mtu fulani alijitolea, na kila uhamiaji ni nafasi ya kazi yake kupotea.

Lakini kuna njia ya kuizuia isipotee. X-Plane huhifadhi viwanja kwenye faili liitwalo apt.dat, ambalo ni maandishi matupu: mstari unaoanza na 1 unatambulisha kiwanja, unaoanza na 100 unaeleza njia ya kurukia. Unaweza kulifungua kwa programu yoyote ya kuandikia. Mtu yeyote anaweza kuhariri kiwanja kwa WED, programu ya bure, akakituma kwenye hazina ya pamoja ya X-Plane, na kikikubaliwa kikaingia kwenye matoleo yajayo kwa wote, chini ya leseni ya wazi. FlightGear nayo husoma muundo huo huo. Kazi moja, simyuleta mbili, na ya tatu ikija kesho itaweza kuisoma pia.

Kwa hiyo kama uko Tanga na unajua lango la kiwanja liko upande gani, miti ipi imekatwa na uzio unapita wapi, unayo data ambayo setilaiti haina. Iandike kwa namba, iweke wazi, na uhifadhi mchoro wako wa asili. Simyuleta zitaendelea kubadilika kila miaka michache, na wewe hutalazimika kuijenga Tanga upya kila mara.